Kaburi la Mdogo Wangu Anthony

Fundi Lukas aliweka sururu pembeni, akainama shimoni, akapangusa udongo kwa kiganja. Kisha akaniangalia.

"Mama Stella," akasema, "huyu marehemu wenu ana plagi."

Nilimwambia aache utani makaburini. Akasema hatanii. Nikashuka mwenyewe, nikapiga magoti kwenye tope, na kweli. Chini ya mbao zilizooza, ndani ya blanketi la kijivu lililobaki nyuzi, ilikuwepo jenereta. Imelala kiubavu kama mtu aliyepitiwa na usingizi. Juu ya tangi la petroli mtu alikuwa ameiwekea rozari.

Hapo ndipo alipotakiwa kuwa mdogo wangu Anthony.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mjimwema, Njombe mjini. Mwaka huu niliamua kuyajengea makaburi ya nyumbani kabla ya Siku ya Marehemu Wote. Nyumbani ni kijijini, nje kidogo ya Uwemba. Kila mwanzo wa Novemba padri hupita kaburi kwa kaburi na maji ya baraka, na kila ukoo huchungulia kwa jirani kuona nani kafyeka na nani kaacha majani. Baba yangu alifariki nikiwa mdogo sana. Kaburi lake lilikuwa tuta la udongo, na pembeni yake kulikuwa na tuta dogo la Anthony, mtoto ambaye mama alimzaa mfu miezi michache baada ya baba kuondoka. Nilipakia saruji, mchanga na vigae kwenye kirikuu, gari langu dogo la mizigo. Vigae vya baba vya kijivu. Vya Anthony nilichagua vya bluu, kwa kuwa ni mtoto wa kiume.

Mama alikataa. "Kichanga hajengewi," alisema. "Muache apumzike."

Nilidhani ni uchungu wa mzazi. Nikangoja aende sala za jumuiya, nikamwambia Lukas achimbe msingi wa yote mawili. Udongo wa Anthony ulikuwa umedidimia, ikabidi achimbe mpaka penye ugumu. Ndiyo akaukuta ugumu.

"Nimejenga makaburi Njombe nzima," Lukas alisema, amekaa ukingoni na miguu inaning'inia. "Nimekuta mizizi. Nimekuta nyoka. Hii sijawahi. Vigae niendelee au nisubiri?"

"Subiri."

Jenereta ile niliijua. Kijiji kizima kiliijua. Ilikuwa ya kigango chetu, na kabla ya umeme kufika ndiyo iliyowasha taa za mkesha wa Pasaka. Iliibwa nikiwa na umri wa kwenda chekechea. Mlinzi wa kigango alikuwa Nahumu, Mlutheri pekee aliyeajiriwa na Wakatoliki wa kwetu. Alisema alipitiwa na usingizi. Hakuna aliyemwamini. Alifungwa, na alipotoka akahamia Makambako na familia yake, na shamba lake likauzwa kulipa fidia. Mama yangu ndiye aliyelinunua, kwa kuwa hakuna mwingine aliyetaka shamba la mwizi. Leo shamba hilo lina maparachichi. Diploma yangu ya ununuzi na ugavi ilitoka kwenye maparachichi hayo.

Nilikaa juu ya mfuko wa saruji nikaanza kupanga mambo, na yalijipanga haraka kuliko nilivyopenda.

Kwetu, mtoto aliyezaliwa mfu huzikwa na wanawake watu wazima, bila msiba, bila matanga. Wanaume hawasogei. Hawaulizi hata alikuwa wa kike au wa kiume. Asubuhi ile wanaume walikuwa wakipekua nyumba hadi nyumba kutafuta jenereta. Walipofika kwetu walimkuta mama na dada yake, mama mdogo Jeni, wamebeba kisanduku kuelekea makaburini, wanalia. Nakumbuka wanaume walivyovua kofia wakarudi kinyumenyume hadi barabarani. Nakumbuka pia mama mdogo Jeni akilia kuliko mama mwenyewe, na tangu siku ile mgongo wake haujanyooka. Watu walisema huzuni ni mzigo.

Na mimba? Kwa baridi ya Uwemba mwezi wa saba, mwanamke aliyevaa masweta matatu na vitenge viwili anaweza kuwa mjamzito wakati wowote akitaka.

Kila Novemba tangu nijue kusali nimeweka maua pale. Nimemkalisha chini Stella, binti yangu, nikamfundisha kumwombea mjomba wake. Mapadri wamepita na kuondoka, kila mmoja akiinyunyizia maji ya baraka mali ya kanisa lake mwenyewe.

Lakini si hilo lililoniuma zaidi. Nahumu ana mtoto, anaitwa Elius. Tulikutana tukiwa chuoni, tukapendana, na wazee wake wakatuma mshenga. Mama alimpokea mlangoni, hakumkaribisha kiti. "Damu ya mwizi haiingii nyumbani kwangu," alimwambia. Nililia, nikapiga magoti, nikafunga kula. Hakubadilika. Mwishowe nikaolewa na baba Stella, ambaye alikwenda Songea kikazi akapata kazi nyingine kwa mwanamke mwingine.

Mama alirudi kutoka jumuiya na rozari mkononi. Aliona shimo. Aliona jenereta tuliyoitoa tukaiweka juu ya turubai. Hakupiga kelele. Alimtazama Lukas.

"Lukas mwanangu, nenda jikoni kanywe chai. Kuna viazi."

Lukas alikwenda mbio.

"Mama," nikasema, "huyu ni nani?"

"Rudisha udongo, Oliva."

"Nimeuliza huyu ni nani. Maana Anthony nilimjua, nimemwombea maisha yangu yote. Huyu simjui."

Alikaa kwenye kaburi la baba, akarekebisha kitenge. Mama yangu anaitwa Margareth. Ni mwenyekiti wa kina mama wa kigango, ndiye anayeongoza rozari kwenye misiba, na hakuna mtu anayekufa kwetu bila yeye kuitwa.

"Nilitaka mashine ya kusaga," alisema. "Baba yenu aliniacha na nini? Na sweta. Nikasikia jenereta inaweza kuendesha kinu. Nikasema, kanisa lina mwanga wa Mungu, mimi sina unga."

"Ukaiba."

"Nikaichukua. Ilipofika nyumbani Jeni akaniuliza, dada, hii tukiiwasha si inanguruma? Kijiji kizima kina jenereta moja tu. Hatukuwa tumefikiria."

Nilitaka kucheka na sikuweza.

"Na Mzee Nahumu?"

"Angetetewa na watu wake. Walutheri wanasaidiana."

"Alifungwa, mama!"

"Alitoka."

"Na mimi? Mshenga ulimfukuza kwa ajili gani? Damu ya mwizi ilikuwa imekaa kwenye kiti chako."

Hapo ndipo alipokwepa macho yangu. "Ningemtazamaje Nahumu kila Krismasi?" alisema. "Aje hapa, ale wali wangu, aniite mkwe? Nisingeweza kumeza. Ulikuwa msichana mzuri. Nikajua utapata mwingine."

Basi. Nilinyimwa mume ili mama yangu aweze kumeza wali.

"Padri Romanus anakuja keshokutwa," akaendelea, na sauti yake ilikuwa imesharudi ile ya mwenyekiti. "Zege lako lipo. Mwambie fundi alimwage. Hivyo vya bluu ni vizuri, nimekubali. Mimi ni mzee, Oliva. Niache nizikwe na heshima yangu."

"Na Mzee Nahumu azikwe na nini?"

Aliinuka, akapangusa kitenge, akaelekea jikoni.

Asubuhi nilimwambia Lukas tuipakie jenereta kwenye kirikuu. Niliifunika blanketi jipya na kuizungushia kamba. Nikafungua mlango wa abiria.

"Panda, mama."

"Nina presha."

"Makambako pia kuna hospitali. Panda."

Alipanda. Labda alidhani akiwepo atanizuia. Tulikwenda kwenye ukungu. Kabla ya Makambako askari wa barabarani alitusimamisha, akazunguka nyuma, akalitazama lile blanketi na ile kamba.

"Mmebeba nini?"

Nilifungua mdomo. Mama alinitangulia.

"Mtoto wangu, afande," alisema, na machozi yalikuwa yameshafika. "Tunamhamisha kaburi."

Askari alivua kofia. "Pole sana mama. Pole sana. Piteni."

Niliendesha. Mama alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akaniomba nipandishe kioo, baridi inaingia. Hakuhema hata mara moja kati ya swali na uongo. Nilikuwa nimekaa usiku kucha nikijiambia kwamba zamani ile alikuwa mjane kijana, alibanwa, alichanganyikiwa. Sasa niliona kwa macho yangu jinsi ilivyokuwa rahisi kwake.

Mzee Nahumu anaishi karibu na stesheni ya reli, nyuma ya duka la spea la Elius. Elius alitoka akifuta grisi mikononi. Ameota mvi kidogo pembeni. Aliniona mimi kwanza, akatabasamu kabla hajakumbuka kwamba hatutabasamiani tena. Kisha akamwona mama.

"Oliva," akasema. "Nani amekufa?"

"Hakuna. Hilo ndilo tatizo."

Mke wake, Esnath, alituletea viti uani. Mzee alikuwa anaota jua ukutani, macho yake yameingia ukungu wa uzee.

"Kamwene baba," nilimsalimu.

"Kamwene. Ni nani?"

"Oliva wa Margareth, kutoka Uwemba."

"Na huyo mwingine anayehema kwa pua?"

"Ndiye Margareth."

Mzee alikaa vizuri. Nilimwomba Elius anisaidie kuishusha ile jenereta, tukaiweka mbele ya miguu ya baba yake, nikatoa blanketi. Mzee alinyoosha mikono. Alishika tangi, akashuka na kamba ya kuwashia, akafika kwenye pembe iliyobonyea. Vidole vyake vikakaa pale.

"Hapa niliiangusha mimi, Pasaka," alisema taratibu. "Ilikuwa wapi?"

"Ilizikwa nyumbani kwetu, baba. Kwenye kaburi la mtoto. Mtoto hakuwepo."

Esnath alishika mdomo. Elius alimtazama mama, halafu akanitazama mimi kwa muda mrefu. Nikajua na yeye anayapanga kama nilivyoyapanga: jenereta, baba, mshenga mlangoni.

Mzee hakupandisha sauti. "Margareth," alisema, "usiku ule nilikuwa wapi?"

Mama alitazama kuku.

"Nilikuwa jikoni kwako," mzee akasema. "Uliniita nipashe mikono moto. Ukanipa ulanzi. Ukanipa mwingine. Mimi mzee wa kanisa, mlinzi, nikanywa pombe usiku jikoni kwa mjane. Waliponiuliza, nikasema nililala. Hakimu akaniuliza, nikasema nililala. Mke wangu amekufa anajua nililala. Nilijisemea, nikitaja jiko lile, yule mama atatembea wapi? Ana mtoto mdogo. Nikasema acha nife na langu. Nilidhani nakusitiri."

"Nilijua utanisitiri," mama alisema.

Alisema hivyo tu, kama mtu anayetaja bei. Hakuwa na nia mbaya, nadhani. Ulikuwa ukweli, na kwa mara ya kwanza hakuwa na uongo mkononi. Kuku mmoja alipita katikati yetu. Elius alisimama akaingia dukani, tukasikia kitu kizito kinaanguka.

Nilimuuliza mzee anataka nini. Mama alidakia: shamba lipo, maparachichi yamekomaa, wanaweza kuelewana kimyakimya.

"Shamba tutaongea na mwenyekiti wa kijiji," mzee alisema. "Watu wa Uwemba wananiita mwizi. Wewe ndiye utakayewaambia. Kwa mdomo wako, siku watakapokuwa wamekusanyika makaburini. Nataka nisikie jina langu linasemwa vizuri pale, nikiwa hai."

Mama aliahidi. Aliapa kwa rozari. Na mimi, baada ya yote niliyoyaona barabarani, nilimwamini. Ni mama yangu. Sikuwa na mwingine wa kumwamini.

Siku ya Marehemu Wote makaburi yalijaa. Mishumaa ilikuwa inazimwa na upepo na watu wanaiwasha tena. Kwetu palikuwa na shimo, na jenereta tuliyoirudisha kutoka Makambako imekaa ukingoni, na watu wote walikuwa wameacha makaburi yao kuja kutazama la kwetu. Lukas alikuwepo pia, amevaa suti, wala hakuwa na ndugu aliyezikwa pale. Mzee Nahumu alisimama nyuma ameshika mkono wa Elius. Watu walimwachia nafasi, nafasi ile ambayo mtu huachiwa ili asikuguse.

Padri Romanus, kijana aliyefika mwaka huu tu, alimwomba mama aseme alichotaka kusema. Mama alisogea mbele. Alianza kwa sauti yake ya misibani.

"Padri, wapendwa. Nimeoteshwa. Mwanangu Anthony alinijia akaniambia, mama, nichimbue. Tukachimba. Wapendwa, hatukukuta hata mfupa! Tumekuta jenereta ya kanisa letu! Mtakatifu Anthony, mwombezi wa vitu vilivyopotea, amemchukua mtoto na kuturudishia mali ya Bwana!"

Vigelegele vilipasuka. Mtu alianzisha wimbo. Mwanamke mmoja akaangukia ile jenereta na kuibusu kwenye ekzosi. Padri Romanus alifumba macho, sijui kama alikuwa anasali au anafikiria atamwelezaje askofu.

Katikati ya kelele nilimsikia mzee akiuliza, "Amesema? Amesema jina langu?"

"Hapana, baba," Elius alimjibu. "Amesema la mtakatifu."

Nilipanda juu ya lundo la mchanga. "Nyamazeni!"

Nina sauti ya kupigia kelele vibarua wanaoshusha mabati. Walinyamaza.

"Hakuna muujiza hapa. Mama yangu aliiba jenereta hii akaizika akasema ni mtoto. Mtoto hakuwahi kuwepo. Mzee Nahumu alifungwa bure na alijua kitu ambacho kingemtoa, akanyamaza ili kumsitiri mwanamke. Kama kuna mtu anayedaiwa msamaha hapa, yule pale nyuma. Mgeukieni."

"Anaumwa, Padri," mama alisema haraka, kwa huruma, akinishika mkono mbele ya watu wote. "Msimjali mwanangu. Tangu mumewe amwache, akili haijakaa sawa."

Watu walianza kunionea huruma. Niliona nyuso zikilegea: kumbe, maskini, ndiyo maana. Mama yangu alinitoa sadaka pale kwa sentensi mbili, akinipapasa mkono.

"Haumwi."

Ilikuwa sauti ya mama mdogo Jeni, aliyepinda kwenye fimbo yake. "Oliva haumwi. Kwenda kaburini niliibeba mimi huku, Margareth kule. Ilinivunja kiuno. Na Nahumu mnayemwita mwizi, wakati naivuta dirishani kanisani alikuwa anapewa ulanzi na dada yangu. Nimechoka. Kila mwaka naipigia magoti."

Hapakuwa na vigelegele. Mwanamke aliyekuwa amekumbatia jenereta aliinuka polepole akajifuta midomo. Bibi mmoja mkongwe ndiye aliyetangulia. Alitembea hadi kwa Mzee Nahumu, akakunja goti kama anavyosalimiwa mtu mwenye heshima. "Kamwene baba," alisema. "Hatukujua." Nyuma yake akaja mwingine. Wakapanga mstari. Mzee alikuwa anapokea mikono bila kuona ni ya nani, na kila mara anasema, "Taja jina. Nani huyu? Taja jina." Elius alikuwa ameinamisha kichwa. Padri Romanus alikwenda mwisho wa mstari na kusubiri zamu yake.

Mama alibaki peke yake ukingoni. Watu walimpita kama wanavyopita dimbwi.

Walipotawanyika nilikwenda kumchukua, nikampeleka nyumbani, nikawasha moto. Alikaa kwenye kigoda.

"Umefurahi?" aliuliza.

"Hapana."

"Ungesubiri nife, ndiyo uwaambie. Ungeniacha nilale kwanza."

"Mzee Nahumu angekutangulia."

Alichochea kuni. "Yule Elius angekuacha tu, kama huyu mwingine."

"Labda. Ningeachwa na niliyemchagua."

Hilo halikumpata, au lilimpata akalificha. Kwake siwezi tena kutofautisha. Nilichukua funguo. Alinifuata hadi mlangoni, akasimama pale mdogo kuliko siku zote.

"Jumapili nani atanipeleka kanisani? Kina mama hawatanipitia tena."

"Utatembea, mama," nilisema. "Polepole, ili watakaotaka kukusalimia wakuwahi."

Nililia barabarani mpaka mtaa wa Ramadhani, mjini Njombe. Pale nikasimamisha gari, nikajifuta uso, nikapokea simu ya mteja aliyekuwa ananitafuta tangu mchana. Alitaka misumari ya bati. Nikamwambia ipo, nakuja kufungua.